Upepo wa Nyatunyatu

Mama Vifuko alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, gazeti mapajani, akichekecha majivu ya magunzi kwa soksi kuukuu ya nailoni. Ni kazi isiyotaka haraka. Majivu yakichekechwa kwa pupa yanabaki na chembe, na chembe hazielei, zinaanguka kama mchanga. Yakichekechwa taratibu yanakuwa laini kiasi kwamba ukiyashika huna hakika kama umeshika kitu. Baada ya hapo aliyatia kwenye kifuko cha kitambaa chepesi kinachoenea kiganjani, akakishona mdomo, akakiminya kukijaribu. Kifuko kizuri hutoa majivu kama pumzi ya mtu siku ya baridi. Yanakwenda unakoelekea upepo, na mwindaji anajua asimame wapi ili mnyama asimnuse.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Zamani alikuwa fundi cherehani wa kupunguza suruali na kutia zipu, mpaka alipoolewa na mwindaji asiyeridhika na kifuko cha mtu mwingine yeyote. Mume aliitwa Nyatunyatu kwa jinsi alivyotembea. Hata nyumbani, ulikuwa unageuka unamkuta amesimama nyuma yako na kikombe cha chai, na hukusikia mlango. Yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kwamba majivu ni ya upepo wa karibu. Unyoya wa kifuani mwa bata, ukifungwa kwa uzi kwenye mtutu wa bunduki, ni wa ule upepo mdogo usiosikika hata shavuni. Na sufi iliyochambuliwa nyuzi moja moja ni ya upepo wa mbali, kwa kuwa unaweza kuiachia ikaelea hadi ng'ambo ya bonde ukaona mahali upepo unapojipinda. Alimfundisha pia kunawa kwa mchanga kabla ya kushona. Kifuko kinachonukia sabuni, alisema, ni sawa na kumpigia mnyama honi.

Asubuhi hiyo shuka za jirani zilikuwa zimevimba kwenye kamba kuelekea barabarani. Mama Vifuko akaminya kifuko kipya. Majivu yakaenda upande wa jikoni, kinyume na shuka, bila kuyumba, kama mtu anayeijua nyumba. Akaminya tena. Yakaenda kulekule. Na uso wake ukapigwa na kiupepo chembamba chenye harufu ya mafuta ya bunduki, ya kaki iliyoanikwa juani, na ya kwapa la mtu anayemfahamu.

Mama mkwe wake alikuwa kizingitini na ungo wa maharagwe. Akainua pua.

"Nyatunyatu huyo," akasema.

"Ndiye, mama."

"Hajaoga."

Akaendelea kuchambua maharagwe.

Nyatunyatu alikuwa amechukuliwa tangu msimu uliopita. Alirudi kutoka msituni mikono mitupu, akapitia kwa kinyozi kunyoa ndevu, na pale kitini, povu likiwa kidevuni, akasimulia alichokiona. Katika sehemu ya msitu iliyofungwa, ambako hata yeye mwenye kibali haruhusiwi kukanyaga, alikuta gari la serikali limejaa ngozi mbichi za chui, na aliyekuwa akielekeza upakiaji ni yuleyule bwana mkubwa anayetia saini vibali vya wawindaji. Hakutia chumvi. Kinyozi akamwambia inua kidevu, wateja wakacheka, ikapita. Wembe ukawa butu, upande mmoja ukaachwa umaliziwe kesho.

Kesho yake walikuja wanaume wawili wenye adabu sana. Walivua viatu mlangoni. Walisema wanamhitaji kwa mazungumzo mafupi, atarudi kabla chai haijapoa. Mama mkwe akakifunika kikombe kwa kisahani. Jioni akaimwaga chai. Siku hiyohiyo walimchukua na kinyozi, mkasi ukiwa bado mfukoni mwake, kwa kuwa maneno yalisemwa dukani kwake.

Kila ofisi aliyoingia Mama Vifuko iliuliza jina, ikaangalia dari, ikasema mtu huyo hawamjui. Alishafika mahali pa kukata tamaa ndipo upepo ulipoanza.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Ndevu, mwindaji aliyekuwa rafiki wa Nyatunyatu tangu ujana wao. Alikuja na kifuko mkononi, akakiweka juu ya cherehani kwa heshima, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Shemeji, sina nia mbaya," alisema. "Lakini kifuko chako kimeninyima swala."

"Kimefanya nini?"

"Niko msituni, upepo unatoka mlimani, nausikia kisogoni. Kifuko kinasema unatoka mjini. Nikakiamini kifuko. Swala akaninusa, akaenda zake. Hata hakukimbia, shemeji. Alitembea."

"Ni kweli unatoka mjini."

"Wako ndio unaotoka mjini. Wangu unatoka mlimani." Ndevu akajikuna shingo. "Mimi naye tulikula sahani moja, unajua. Nami nimemnusa. Nilisimama pale nikamnusa, nikasahau hata bunduki. Lakini nina watoto wanaotaka kula. Huwezi kushona huku unafikiria kitu kingine? Fikiria mvua."

Mama Vifuko akajaribu. Alikaa kwenye cherehani akafikiria mvua, akafikiria paa linalovuja upande wa jikoni, akafikiria mbuzi wa jirani na ugomvi alioleta, na kifuko kikatoka chepesi, safi. Alipokiminya, majivu yakafuata shuka za kwenye kamba kama inavyotakiwa. Akakitazama kile kifuko na kujisikia kama mtu aliyejikuta anacheka msibani. Alimpa Ndevu, na hakushona kingine cha namna hiyo. Kuanzia hapo watu walimletea suruali tu, na wawindaji wakaenda kununua vifuko mahali pengine, ambako walipata vya kushonwa kwa mashine, vinavyonukia sabuni.

Kwa wale wanawake wawili upepo ukawa ndio habari. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, walitoka uani na kuelekea mjini kwa pua.

"Leo amekula maharagwe," mama mkwe alisema.

"Yameungua."

"Nani anapika huko? Hana aibu."

Siku nyingine upepo ulileta harufu ya ukuta wenye unyevu na dawa ya kusafishia choo. Kuna siku ulileta homa, ile harufu tamutamu ya mwili unaowaka, na mama mkwe akatia majani ya dawa kwenye sufuria, akayachemsha, akakaa nayo mkononi mpaka yakapoa, kwa kuwa hapakuwa na pa kuyapeleka. Homa ilipopungua walijua. Upepo ulirudi na harufu ya jasho la kawaida, na mama mkwe akala kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili.

Ndipo Mama Vifuko akachukua kifuko, akavaa viatu, akaufuata upepo.

Haikuwa safari ngumu. Kwenye kila kona aliminya kidogo, akaenda kinyume na majivu, kule upepo unakotoka. Alipita soko, akapita mtaa wa mafundi baiskeli, ambao walimpisha wakitikisa majivu kwenye mabega yao, akatokea kwenye ghala la zamani la ngozi lililo mkabala na duka la mikate. Ghala halikuwa na maandishi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa matofali, tena upya, saruji bado nyeupe. Askari alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni.

"Mama, una shida gani?"

"Mume wangu yumo humu."

"Hayumo."

Mama Vifuko akaminya kifuko. Majivu yalimrudia mwenyewe kifuani, moja kwa moja kutoka mlangoni, ingawa bendera juu ya paa ilikuwa imelala upande mwingine. Kofia ya askari ikataka kuruka, akaishika.

"Upepo unatoka humu," mwanamke akasema.

"Unatoka humu, ndiyo. Una siku sasa. Unatusumbua na karatasi."

"Basi yumo."

"Upepo umo, mama. Yeye hayumo."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba duka limefungwa kwa chakula cha mchana. Mama Vifuko akauliza kama anaweza kulizunguka jengo. Askari akasema barabara ni ya watu wote, akainuka akafuatana naye, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Walizunguka pamoja. Upande wa mashariki upepo ulitoka ukutani ukampiga usoni. Upande wa nyuma, penye mapipa ya taka, ulitoka ukutani ukampiga usoni. Aligeuka, akarudi nyuma, akajificha kwenye pembe ya jengo akachungulia: popote aliposimama yeye, upepo ulitoka kwa mume wake kuja kwake, na haukuwahi hata mara moja kwenda kutoka kwake hadi kwa mume wake.

Hapo ndipo alipoegemea ukuta kidogo. Alikumbuka siku Nyatunyatu alipomchukua msituni, mwanzoni mwa ndoa yao, wakatambaa kwa matumbo mpaka ukingo wa mbuga ndogo, upepo ukiwapiga usoni, wakalala pale kwenye majani wakimtazama pongo mmoja akila. Alikuwa karibu sana. Waliona masikio yake yakifukuza nzi, waliona shingo yake ikimeza. Nyatunyatu hakuinua bunduki. Alimnong'oneza mkewe sikioni, "Hajui kama tupo. Harufu yake inatufikia, yetu haimfikii. Tungeweza kukaa hapa mpaka azeeke." Yeye akamwambia mumewe anataka kupiga chafya, wakacheka bila sauti mpaka machozi yakawatoka, na pongo akaendelea kula.

Sasa yuko humo ndani, ng'ambo ya tofali moja, na hajui kama mkewe amefika.

"Naweza kuita jina lake?" alimuuliza askari.

"Hapana. Hayumo."

Alirudi tena siku iliyofuata, na nyingine. Askari alizoea, akawa anamsogezea kipande cha boksi akalie.

Wakati huo ndipo alipokuja nyumbani bwana mmoja wa serikali mwenye suti ya kijivu. Alikubali chai. Alisema idara yake inawaonea huruma, na kwamba baada ya uchunguzi imegundulika kuwa Nyatunyatu ana mke mwingine katika mji wa mbali, upande wa mashariki, na ana furaha, na amenenepa.

"Amenenepa?" mama mkwe aliuliza.

"Sana."

"Mashariki ndiko wapi?"

Bwana akaonyesha kwa kijiko. Mama mkwe akainuka kwa taabu, akachukua kifuko cha mkwewe, akaenda upande ulioonyeshwa na kijiko, akaminya. Hapakuwa na kitu huko. Akamzunguka mgeni mpaka nyuma ya kiti chake, upande wa ghala la ngozi, akaminya kwa nguvu zake zote. Majivu yakampita bwana juu ya kichwa, mengine yakatua kwenye nywele, kwenye mabega na kwenye chai.

"Basi huyo mke anaishi ghalani," mama mkwe alisema.

Bwana alijipangusa, akashukuru kwa chai, akaaga. Mlangoni aligeuka akasema kwamba upepo si kitu ambacho idara yake inashughulikia.

Mtu mwingine aliyekuja alikuwa mke wa kinyozi. Alikuwa hajawasalimu tangu siku ile. Akikutana na Mama Vifuko sokoni alikuwa anavuka barabara. Sasa alisimama uani na koti jeupe la mumewe limekunjwa kifuani.

"Maneno yalitoka mdomoni mwa mume wako," alisema. "Kiti tu ndicho kilikuwa cha mume wangu."

"Ni kweli."

"Nimekuchukia mpaka nimechoka."

"Najua, dada."

"Nishonee kifuko."

Mama Vifuko akamwambia majivu yawe ya jikoni kwake mwenyewe, na kujaza ajaze mwenyewe. Walikaa pamoja uani mchana kutwa. Walikata kifuko kutoka kwenye mfuko wa lile koti, mahali kinyozi alipokuwa akiweka chanuo. Mke wa kinyozi alichekecha majivu yake mara nyingi kuliko inavyohitajika, na huku akichekecha alisimulia jinsi mumewe alivyokuwa anaongea usingizini, akiwaambia wateja wa ndotoni wainamishe kichwa. Mama mkwe alicheka. Wote watatu walicheka. Kisha wakaenda ghalani.

Askari aliwasalimu. Mama Vifuko aliminya kifuko chake, majivu yakamjia kifuani kama kawaida.

Mke wa kinyozi akaminya cha kwake. Majivu yalitoka mengi, mazuri, laini. Yakaanguka wima. Hayakwenda ghalani wala barabarani. Yalishuka moja kwa moja kama chumvi, yakafanya kilima kidogo juu ya viatu vyake.

Mama Vifuko alikagua mshono wa kile kifuko.

"Labda sikuyachekecha vizuri," mke wa kinyozi alisema.

"Labda."

"Niminye tena?"

"Minya tena, dada."

Yakaanguka wima. Mama Vifuko akatoa kikopo cha sufi mfukoni. Alichambua unyuzi mmoja, mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, akauweka kwenye kiganja cha mwenzake. Sufi haijui kuanguka. Hata chumbani mlimofungwa madirisha inaelea. Mke wa kinyozi akafungua vidole. Unyuzi ukashuka kama kokoto, na walisikia ulipogonga lami.

Askari alivua kofia, akatazama duka la mikate.

Mke wa kinyozi akainama, akauokota ule unyuzi, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. "Usiniambie kitu," alisema.

"Siwezi kukuambia kitu."

"Vizuri." Akapangusa viatu kimoja kwa kingine. "Vizuri. Twende, jua kali."

Tangu siku hiyo Mama Vifuko alikuwa akishikilia pumzi kabla ya kuminya. Alisimama uani asubuhi na kidole gumba juu ya kitambaa, na mama mkwe, aliyeelewa, aliacha chochote alichokuwa akifanya. Majivu yalipokwenda jikoni, wote wawili walipumua, na siku ikaanza.

Habari zilienea kama zinavyoenea. Alikuja mama wa mwalimu, na kitambaa cha shati la mwanawe. Alikuja mzee ambaye mjukuu wake alitoka kununua mafuta ya taa asirudi. Alikuja msichana aliyetaka kufunga ndoa, na soksi tu, kwa kuwa nguo nyingine za mchumba wake zilichukuliwa pamoja naye. Mama Vifuko aliwafundisha wote kuchekecha. Ikawa kila asubuhi, kwenye njia ya miguu mbele ya ghala, kuna kundi la watu waliosimama nyuso zimeelekea ukutani na macho wamefumba, nguo zao zikipeperushwa nyuma, wakati mti ulio kando yao haujatikisa jani. Wenye duka la mikate walizoea kufunga dirisha la upande huo. Mke wa kinyozi naye alikuja kila siku. Hakuminya chochote. Alisimama tu nao, nguo zake zimetulia.

Idara haikukaa kimya. Iliona kwamba majivu yanachafua magari ya wakubwa, ikaagiza watu wasimame ng'ambo ya barabara. Wakasimama ng'ambo ya barabara. Bwana mkubwa anayetia saini vibali aliendelea kutia saini. Kibali kipya cha Ndevu kilikuwa na saini yake, nzuri, yenye mkia mrefu. Baadaye alipandishwa cheo, na picha yake ikatoka gazetini akiwa ameshika mche wa mti. Wasomaji waliipenda.

Halafu asubuhi moja Mama Vifuko aliminya kifuko, na majivu hayakwenda jikoni.

Hayakuanguka pia. Yalisimama hewani mbele ya uso wake, wingu dogo la kijivu, yakikaa pale bila kujua la kufanya. Mama mkwe alikuwa na sufuria mkononi. Hakuiweka chini. Mama Vifuko aliona mikunjo ya uso wa yule mama ikiganda, akajua kwamba na wake umeganda vilevile. Kuku akapita kati yao. Na wingu lile, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani, likajipinda, likaanza kwenda upande wa barabara.

Upepo ulikuwa unatoka nyuma ya nyumba sasa, kutoka vilima vya mbali. Ulikuwa dhaifu. Lakini ulikuwa na mafuta ya bunduki, kwa mbali sana, chini ya harufu ya dizeli.

"Wamemhamisha," Mama Vifuko alisema, akakaa kwenye udongo.

Mama mkwe alicheka, kisha akalia, kisha akauliza nani ameificha chai.

Waliuza cherehani kubwa, wakabaki na ile ndogo ya mkono. Ndevu alikuja na gari lake la kubebea nyama, alilolisugua kwa mchanga siku nzima ili lisiharibu harufu, akawapakia na godoro na sufuria zao. Mke wa kinyozi alikuja kuwaaga. Alishika mlango wa gari kwa muda mrefu.

"Ukimpata mumeo," alisema, "mwambie alikuwa hajamaliza kunyolewa. Upande mmoja ulibaki."

"Nitamwambia."

Ndevu aliendesha polepole. Mama Vifuko alikaa dirishani, mkono nje, akiminya kwenye kila njia panda.

"Kushoto, shemeji?"

"Kushoto."

"Huko hakuna kitu, ni milima mitupu."

"Kushoto."

Njiani Ndevu alisimulia tena ile ya swala aliyetembea, akaongeza kwamba swala aligeuka akamtazama kwa huruma. Mama mkwe alisema anadanganya. Ndevu akakubali kwamba anadanganya. Baadaye aliendesha huku akipanua pua, kwa sababu upepo ulikuwa umeanza kuwa na nguvu.

Uliwafikisha kwenye mji mdogo wa machimbo ya mawe, mweupe wote kwa vumbi, hata mbwa. Nje kidogo kulikuwa na ukuta mrefu wenye seng'enge juu, na nyuma ya ukuta zilisikika nyundo nyingi zikigonga, kila moja kwa mwendo wake. Askari wa lango aliwaambia hayumo. Alilazimika kusema mara mbili, kwa kuwa majivu yalimfanya apige chafya.

"Yuko juani," mama mkwe alisema, pua juu. "Afadhali. Kule kulikuwa na unyevu."

Ndevu aliwasaidia kutafuta chumba, kisha akakaa kwenye gari lake kwa muda, injini ikiunguruma, mpaka mama mkwe akamwambia aende, watoto wanamngoja. Mwenye nyumba alikuwa fundi viatu, mgane mwenye maneno mengi. Aliwaonyesha chumba kizuri cha mbele, chenye mlango wa barabarani. Mama Vifuko akaminya kifuko katikati ya chumba, akauliza kama kuna kingine.

"Kipo cha nyuma," fundi viatu alisema. "Sikipangishi. Kinatazamana na ukuta wa machimbo, na dirisha lake limeanza kuleta upepo usio na adabu. Nimelipigilia mbao. Bado unapita kwenye nyufa, unapiga miluzi. Mpangaji aliyekuwemo alisema ni kama kulala na mtu mwingine chumbani."

"Tutachukua hicho."

"Mama, nimekuambia upepo."

"Ondoa mbao, baba. Tafadhali."

Fundi viatu aliwatazama wote wawili, akaenda kuleta nyundo. Aling'oa misumari mmoja mmoja, akiinyoosha na kuitia mfukoni maana misumari mizuri haitupwi. Ubao wa mwisho ulipotoka, upepo uliingia, ukanyanyua vumbi la sakafuni, ukafungua mlango, ukatulia. Ilikuwa harufu ya mawe yaliyovunjwa, ya jasho la mchana, ya kiraka cha kaki kilichochakaa. Mafuta ya bunduki yalikuwa yameisha kabisa. Ilibaki harufu yake mwenyewe tu.

Walitandika godoro chini ya dirisha. Walikuwa wamechoka, na jua lilikuwa bado liko juu, na nyundo zilikuwa zinagonga. Mama mkwe alivua viatu, akajilaza upande wa dirishani bila kuuliza.

"Mama, huo ni upande wangu."

"Mimi nilimjua mapema."

Mama Vifuko alijilaza nyuma yake. Upepo ulipita kwanza juu ya mama mkwe, ukamfikia yeye umechanganyika na mafuta ya kichwa ya yule mzee, na ilimbidi ainue shingo kumtafuta mumewe humo ndani. Alikaa hivyo mpaka shingo ikamuuma.

"Sogea kidogo, mama," alisema.

Mama mkwe akasogea.